Jibu tupu, jibu pana, jibu finyu la uongo: utatuzi wa matatizo ya milinganyo mingi kwa hesabu za intavali

Ukiwa na milinganyo ya mstari iliyo mingi kuliko namba unazozitafuta, na kila kipimo umekiandika kama intavali, yaani mpaka wa chini na mpaka wa juu, programu inaweza kukusumbua kwa namna kadhaa. Inaweza kusema hakuna jibu kabisa, au ikatoa jibu pana lisilomsaidia mtu. Wakati mwingine inazunguka bila kusogea. Na baya kuliko yote, inaweza kukupa jibu finyu, safi machoni, ambalo si kweli.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili kwa sababu ndivyo tatizo linavyomjia mtu. Lakini kuna jambo moja linalopita katika kila sehemu: usipanue intavali ili programu inyamaze. Intavali ni kauli kwamba thamani ya kweli iko humu ndani. Ukiipanua bila sababu inayotoka kwenye kifaa cha kupimia au kwenye namna ulivyopima, umeifuta kauli hiyo, na kazi yote iliyobaki ni kupiga hesabu juu ya kitu usichokiamini.

Kwanza, hali ya afya

Chukua magunia matatu ya dagaa pale mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Mizani ina mshale unaosomwa kwa kilo nzima, kwa hiyo ukisoma 31 maana yake uzito uko popote kati ya 30.5 na 31.5. Tunapima kila gunia peke yake, kisha mawili mawili:

x: [30.5, 31.5]
y: [28.5, 29.5]
z: [33.5, 34.5]
x + y: [60.5, 61.5]
y + z: [63.5, 64.5]
x + z: [65.5, 66.5]

Milinganyo sita, visivyojulikana vitatu. Njia nyepesi ya kutatua ni kubana. Kutoka mlinganyo wa nne, x ni [60.5, 61.5] toa [28.5, 29.5]. Katika intavali, unapotoa, mpaka wa chini unatolewa mpaka wa juu wa mwenzake, na wa juu unatolewa wa chini. Inatoka [31, 33]. Ukiikutanisha na ile [30.5, 31.5] ya awali, yaani ukichukua sehemu iliyo ndani ya zote mbili, inabaki [31, 31.5]. Rudi kwa y: [60.5, 61.5] toa [31, 31.5] ni [29, 30.5]; ukikutanisha na ya awali unapata [29, 29.5]. Kwa z vivyo hivyo unapata [34, 34.5].

Raundi moja tu, na kila gunia sasa linajulikana ndani ya nusu kilo, ilhali mizani yenyewe ina upana wa kilo moja. Hiyo ndiyo faida ya milinganyo ya ziada, na ndiyo sababu naona ni hasara mtu kuitupa mitatu ili abaki na mfumo wa mraba (milinganyo iliyo sawa kwa idadi na visivyojulikana) aliouzoea darasani.

Dalili: programu inasema jibu ni tupu

Wengi hudhani programu imeharibika. Mara nyingi ni kinyume chake: programu imefanya kazi yake vizuri kuliko ulivyotarajia. Jibu tupu ni uthibitisho kwamba vipimo vyako, kama ulivyoviandika, haviwezi kuwa kweli vyote kwa pamoja. Kazi yako ni kutafuta kipi kinadanganya.

*Sababu ya kwanza: kipimo kimoja kimeandikwa vibaya.* Tuseme karani alisoma 61 kwa x + y, lakini kwenye daftari 1 yake ikaonekana kama 3, ukaingiza 63, yaani [62.5, 63.5]. Sasa x haiwezi kuzidi 31.5 na y haiwezi kuzidi 29.5, jumla yake haivuki 61. Tupu, hapohapo.

Angalia mtu anayetumia njia ya miraba midogo, ile inayotafuta jibu lenye jumla ndogo kabisa ya miraba ya makosa, na ambayo mwanahisabati Legendre aliichapisha mwaka 1805, angepata nini kwa data hiyohiyo mbovu akichukua namba za katikati. Angepata x = 32, y = 30, z = 34. Namba nzima, zinapendeza, hakuna onyo lolote. Akiamua kuwa mwangalifu akague mabaki, yaani tofauti ya kipimo na jibu, atakuta kilo 1 kwenye x, kilo 1 kwenye y, kilo 1 kwenye x + y, na sifuri kwingine kote. Kosa moja limegawiwa sawasawa kwa milinganyo mitatu, na mabaki hayamwambii mkosaji ni yupi. Njia ile iliundwa ili kusambaza kosa, na inasambaza kweli.

Kwa intavali unaweza kumpata mkosaji. Ondoa mlinganyo mmoja, tatua mitano iliyobaki, uurudishe, uondoe unaofuata. Ukiondoa ule wa x, bado tupu. Wa y, tupu. Wa z, tupu. Wa y + z, tupu. Wa x + z, tupu. Ukiondoa x + y peke yake, jibu linapatikana. Rudi kwenye daftari uangalie ukurasa huo, au kama magunia bado yapo, pima tena. Usiufute mlinganyo tu ukaendelea. Umeshajua ulipo, umalize.

*Sababu ya pili: kosa linaloshirikiwa.* Hapa dalili ni kwamba unaondoa mlinganyo mmoja mmoja na jibu linabaki tupu kila mara. Usikimbilie kuondoa miwili miwili. Jiulize kwanza kuna nini kilichokuwepo katika vipimo vyote.

Chukua magunia yaleyale yakiwa juu ya ubao wa kilo 3 ambao hakuna aliyeutoa kwenye hesabu. Mizani itasoma 34, 32, 37, kisha 64, 67 na 69 kwa jozi. Jozi zote tatu zinagombana na magunia yake, na hakuna mlinganyo mmoja unaohusika na ugomvi wote. Tiba ni kuongeza kisichojulikana cha nne, e, uzito wa kitu kilichobaki juu ya mizani: x + e = 34, x + y + e = 64, na kadhalika. Bado una milinganyo sita kwa visivyojulikana vinne, kwa hiyo nafasi ipo. Jumlisha kipimo cha x na cha y, toa cha x + y, na e inatoka yenyewe: [65, 67] toa [63.5, 64.5] ni [0.5, 3.5]. Jozi nyingine mbili zinatoa matokeo hayohayo. Sifuri haimo. Yaani hesabu imethibitisha kwamba kuna uzito wa ziada usiopungua nusu kilo, hata karani akikuhakikishia, "Mizani yangu nzima, kaka." Na huenda mizani ni nzima kweli, tatizo likawa ubao.

*Sababu ya tatu: kompyuta inakadiria vibaya.* Hii ndiyo inayoudhi zaidi, kwa kuwa data yako ni sahihi na bado unaambiwa tupu. Namba 0.1 haiandikiki kamili katika mfumo wa namba wa kompyuta, wa 0 na 1. Kompyuta inahifadhi namba iliyo juu yake kidogo, 0.1000000000000000055 na kuendelea. Ndiyo maana 0.1 + 0.2 inatoa 0.30000000000000004, nayo si ile 0.3 iliyohifadhiwa. Ukizitendea namba hizo kama intavali za nukta moja kisha ukazikutanisha, zinapishana kwa uzi na jibu linakuwa tupu.

Hesabu ya kweli ya intavali inakadiria mpaka wa chini kuelekea chini na mpaka wa juu kuelekea juu, kila hatua. IEEE 754, kiwango cha hesabu za namba zenye desimali kwenye kompyuta, kiliweka uwezo huo kwenye vichakataji tangu mwaka 1985, na mwaka 2015 kikaja kiwango cha intavali zenyewe, IEEE 1788. Uwezo upo, swali ni kama programu yako inautumia. Ukihifadhi mipaka miwili kwenye safu za NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, na kujumlisha kama kawaida, huna hesabu ya intavali, una namba mbili tu, kwa sababu NumPy inakadiria kwenye namba iliyo karibu zaidi kwa pande zote mbili.

Na hata ukitumia maktaba sahihi, angalia namna unavyoingiza data. Kwenye mpmath ya Python:

iv.mpf('0.1')
iv.mpf(0.1)

Mstari wa kwanza unasoma maandishi na kuunda intavali inayoizunguka 0.1 ya kweli. Wa pili unapokea namba ambayo Python imeshaiharibu, na intavali yako haina 0.1 ndani yake. Kwenye INTLAB, maktaba ya intavali ya Siegfried Rump kwa MATLAB, ni vilevile: andika intval('0.1') ukiwa na alama za nukuu. Kama data inatoka kwenye faili, isome kama maandishi mpaka inapofika kwenye intavali.

Kwa wanaoandika C: ukibadilisha mwelekeo wa kukadiria kwa fesetround, waambie GCC kwa -frounding-math, na usitumie kabisa -ffast-math. Mwelekeo huo pia ni mali ya uzi mmoja wa utekelezaji. Maktaba ya matriki inayogawa kazi kwa nyuzi nyingi inaweza kuwa na nyuzi zinazokadiria kwa mwelekeo mwingine, na hutaonyeshwa kosa lolote.

Dalili: jibu ni pana kuliko kipimo chenyewe

Mizani ilikupa x yenye upana wa kilo 1. Unatatua mfumo mzima, unapata upana wa 1.8. Inawezekanaje taarifa nyingi zikakupa ujuzi mdogo?

Karibu kila mara sababu ni kwamba uliandika mfumo kama Ax = b (A ni matriki, yaani jedwali, ya vizidisho; x hapa ni orodha ya visivyojulikana vyote; b ni orodha ya vipimo), ukazidisha pande zote kwa Aᵀ, yaani A ambayo mistari yake imegeuzwa kuwa nguzo, ukapata AᵀAx = Aᵀb, kisha ukatatua kwa intavali. Kwa mfano wetu njia hiyo inatoa x kati ya 30.5 na 32.3. Kilichotokea ni tatizo la utegemezi. Kipimo cha x + y kimeingia kwenye mstari wa x na kwenye mstari wa y vya Aᵀb, na hesabu ya intavali haikumbuki kwamba ni kitu kilekile. Inakichukua kiwe juu kabisa upande mmoja na chini kabisa upande wa pili kwa wakati mmoja. Ni hali ileile ambayo [1, 2] toa [1, 2] inakupa [−1, 1] badala ya sifuri, na Ramon Moore alishaieleza katika miaka ya 1960.

Pale ambapo A ni kamili, kama hapa penye 0 na 1 tupu, piga kwanza (AᵀA)⁻¹Aᵀ iwe matriki moja, halafu uizidishe na b mara moja tu. Kila kipimo kinaingia mara moja. Kwa x vizidisho ni 0.4 kwa x, 0.3 kwa kila jozi yenye x, −0.1 kwa y na kwa z, na −0.2 kwa y + z. Ukijumlisha ukubwa wake unapata 1.4, na kwa kuwa kila kipimo kina nusu kilo huku na huku, x inakuwa 31.4 huku na huku kwa 0.7: [30.7, 32.1]. Kutoka 1.8 tumeshuka hadi 1.4.

Pale ambapo A nayo ina intavali, epuka kabisa kuunda AᵀA. Weka mabaki r yawe visivyojulikana pia: Ax + r = b, na Aᵀr = 0. Mfumo unakuwa mkubwa lakini wa mraba, na hakuna intavali iliyozidishwa na yenyewe. Mfumo wetu wa sita kwa tatu ungekuwa wa tisa kwa tisa, jambo dogo kwa kompyuta yoyote.

Bado 1.4 ni pana kuliko 0.5 tuliyoipata kwa kubana, na hapa ndipo watu wanapotea. Hizi si hesabu mbili za swali moja. Ya kubana inajibu: ni uzito gani unaokubaliana na vipimo vyote sita? Ya miraba inajibu: kama vipimo vingekuwa popote ndani ya intavali zake, hata pale vinapogombana, jibu la miraba midogo lingefika wapi? Swali la pili lina ulimwengu mpana zaidi, na jibu lake lazima liwe pana. Kama una uhakika na mipaka yako, uliza la kwanza. Kama vipimo vyako vina kelele isiyo na mpaka unaoweza kuutetea, la pili ndilo lako, na usitegemee lifinywe.

Dalili: kubana kunakwama

Fikiria hukupima gunia hata moja peke yake, una jozi tatu tu, na umeanza kwa kusema kila gunia liko kati ya kilo 0 na 100. Utabana mara chache, x itasimama [1, 61.5], na hata ukirudia usiku kucha haitasogea. Hakuna mlinganyo mmoja unaojua vya kutosha peke yake. Ujuzi uko katika muungano wake.

Tiba ni kuchanganya milinganyo kabla ya kubana. Chukua matriki ya namba za kati, tafuta kinyume chake, zidisha mfumo mzima kwa kinyume hicho. Kwa jozi zetu ni sawa na kusema x ni nusu ya (x + y) + (x + z) − (y + z), inayotoka [30.75, 32.25] moja kwa moja. Kinyume hicho si lazima kiwe kamilifu. Namba za kawaida za kompyuta zinatosha, mradi kuzidisha kwenyewe kufanyike kwa intavali.

Ukiwa na milinganyo mingi, unaweza kuchagua vikundi vya mraba, ukatatua kila kimoja na kukutanisha majibu, kwa kuwa jibu la mfumo mzima lazima liwe jibu la kila kikundi. Milinganyo yetu sita inatoa vikundi 20 vya tatu tatu, na 3 kati yake havina kinyume (x, y na x + y ni kimojawapo). Milinganyo 20 yenye visivyojulikana 5 inatoa vikundi 15,504. Usitatue vyote, chagua vichache vyenye kinyume kizuri, kisha rudi kwenye kubana.

Dalili: kugawanya kwa intavali yenye sifuri

Sababu ya kwanza ni kukosa pa kuanzia. Kama unapima tofauti za vimo tu, tuseme kati ya Capri Point, Bugando, Kirumba na Igoma jijini Mwanza, na hujaweka hata sehemu moja yenye kimo kinachojulikana, hakuna hesabu itakayokuokoa. Mji mzima unaweza kupanda mita kumi na milinganyo yote ikabaki sawa. Funga sehemu moja, tatizo limekwisha.

Sababu ya pili imejificha zaidi. Unataka mstari unaoonyesha kimo cha maji ya Ziwa Victoria kikibadilika kwa miaka, a + bt, una usomaji mmoja kila mwaka kuanzia 2020 hadi 2025, na tarehe unazijua kwa kosa la 0.01 ya mwaka, kama siku nne hivi. Ukiweka t ikiwa 2020, 2021 na kuendelea, kigawanyo kinachotakiwa ni 6Σt² − (Σt)² (Σ ni alama ya jumla). Thamani yake ya kweli ni karibu 105, lakini inapatikana kwa kutoa namba mbili za zaidi ya milioni 147 kila moja. Intavali inayotoka inaanzia karibu −2,800 hadi 3,000. Sifuri imo ndani, programu inasimama.

Sasa hesabu miaka kutoka 2022.5, ili t iwe −2.5, −1.5 hadi 2.5. Kigawanyo kilekile kinatoka kati ya 103.9 na 106.1. Tarehe ni zilezile, wasiwasi ni uleule. Kilichobadilika ni mahali unapoanzia kuhesabu. Kimo nacho, kwa kuwa maji yako zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kitoe kwanza namba moja isiyobadilika iliyo karibu nacho, ubaki na tofauti ndogo.

Dalili: jibu finyu, lakini si kweli

Rudi kwenye ule ubao, safari hii uwe wa kilo 2. Mizani inasoma 33, 31, 36, na jozi 63, 66, 68. Mfumo huu si tupu. Unabanika vizuri, na x inatoka [32.5, 33]. Nusu kilo, kama ile ya hali ya afya. Lakini gunia lenyewe lina kilo 31.4.

Hakuna kitu ndani ya hesabu kitakachokuonya hapa. Jibu tupu linathibitisha kosa. Jibu lisilo tupu halithibitishi usalama. Linachosema ni hiki: *kama* kila intavali ina ukweli ndani yake, basi jibu liko humu. Kwa hiyo ingiza e kwenye mfumo hata kabla hujaishuku mizani. Hapa itatoka [−0.5, 2.5], na upana huo wenyewe ndio taarifa: vipimo hivi haviwezi kukuhakikishia kwamba mizani ilianza kwenye sifuri. Suluhisho liko mwaloni: soma mizani ikiwa na ubao mtupu, uongeze mlinganyo wa saba, e peke yake.

Ukitaka kukagua jibu moja mahususi, tumia kipimo cha Oettli na Prager cha mwaka 1964. Kwa kila mlinganyo, tofauti kati ya Ax ya namba za kati na b ya kati isizidi nusu-upana wa A ukizidishwa na ukubwa wa x, ukijumlisha nusu-upana wa b. Mstari mmoja ukikiuka, nukta hiyo si jibu.

Dalili: inachukua muda mrefu mno

Kutafuta mipaka finyu kabisa, pale A yenyewe ina intavali, ni tatizo ambalo ugumu wake unapanda haraka sana visivyojulikana vinapoongezeka, kwa sababu kila kimoja kinaweza kuwa chanya au hasi na kila mchanganyiko wa alama unahitaji hesabu yake. Lakini uzito wa gunia hauwi hasi. Ukiiambia programu hivyo, unabaki na mchanganyiko mmoja tu, na kipimo cha Oettli na Prager kinageuka kuwa hali za mstari za kawaida. Kila kisichojulikana kinatafutiwa kidogo chake na kikubwa chake kwa programu yoyote ya uboreshaji wa mstari (linear programming): hesabu sita kwa magunia matatu. Programu hizo hufanya kazi kwa namba za kawaida, kwa hiyo ukishapata mipaka, ihakiki kwa intavali kabla ya kumkabidhi mtu.